Jina la Mastura kwenye Dirisha la Wagdi

Vijana wa klabu ya mtaa walinijia juzi, wamevaa fulana za namna moja, wakaketi kwenye kochi langu bila kuvua viatu. Wanataka kutundika picha ya Wagdi Qamhawi ukutani kwao, na chini ya picha waweke maneno, kwamba huyu ndiye aliyeanza kuzichezesha herufi ndani ya televisheni hapa mtaa wa el-Arab. "Mama Inshirah," wakasema, "wewe ulimjua tangu utotoni. Tuandikie kidogo, mambo mazuri mazuri." Nikawaambia nitaandika, na nitaandika mwenyewe. Kalamu niliishika ukubwani, kwenye darasa la wanawake wazima, na mwalimu wangu alikuwa kitoto cha jana kilichonifokea. Lakini nitakachoandika ni changu, wasinipangie wala wasinipunguzie. Wakikitaka wakibandike, wasipokitaka wafungie samaki.

Maiti hasemwi vibaya, nalijua hilo. Mema yake yakinijia njiani nitayataja.

Wagdi alizaliwa nyuma ya soko la samaki. Babake alikuwa bambuti, wale waliozifuata meli kwa mashua zinapongoja zamu ya kuingia mfereji, wakiwauzia abiria mito ya ngozi na ngamia wa shaba. Alijua lugha zote za bandarini, na katika kila lugha alijua kuapa uongo. Mtoto alirithi ulimi huo, ila yeye hakuutumia kuuza. Aliutumia kubisha. Mwambie Wagdi jua limechomoza, atakuuliza umelionea wapi.

Vita vilipotufukuza Port Said, watu wetu na watu wake tulitupwa skuli moja kule Damietta, darasa moja kwa familia mbili, katikati tumetundika mablanketi. Mamake alikuwa mwanamke wa kimya, akifua nguo za watu na kurudi mikono imechubuka. Sote tulimwita Mama Wagdi. Hakuna aliyemuuliza jina jingine, na nani angeuliza? Huko ndiko kijana aliposhika brashi. Alikaa kwa mwandishi mmoja wa mabango, akimchanganyia rangi, mpaka siku moja yule mzee akaugua na Wagdi akaandika bango la duka la halua peke yake. Watu wakasimama kulitazama. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Hapo basi, nimetaja jema.

Tuliporudi mji umekuwa mwingine. Serikali imeufanya mji wa biashara huru, kila mlango duka, kila duka linataka bango. Wagdi alipanda ngazi asubuhi akashuka jioni. Angeweza kuwa mtu, lau si ugonjwa wake mmoja: alikuwa hafuti. Akishaandika ameandika. Mchinjaji wa pale kwenye kona alimwagiza bango la nyama ya mwanakondoo. Wagdi, sijui kichwa kilikuwa wapi, akaitia nukta ile *he*, ikawa *jimu*, *hamal*, mwanakondoo, akawa *jamal*, ngamia. Mchinjaji akalia, "Fundi Wagdi, mimi sijawahi kuchinja ngamia! Futa hiyo nukta moja tu!" Naye juu ya ngazi akamjibu, "Mkono wangu haurudi nyuma. Wewe chinja ngamia." Na akashuka akaenda zake. Yule maskini alipanda mwenyewe akaikwangua nukta kwa kisu cha kazi, akaliharibu bango lote.

Mtu wa namna hiyo mnataka kumtundika ukutani.

Sasa kompyuta. Miaka ile kompyuta ilikuwa kitu cha benki. Duka moja la barabara ya Tugari likaagiza mashine ndogo za nyumbani, kibao cha herufi na tumbo lake pamoja, unaichomeka kwenye televisheni kama kuchomeka pasi. Hazikununuliwa. Watu walitaka mashine za kufulia. Wagdi alipita, akaona moja inaonyesha mpira wa rangi unadundadunda, akasimama pale mpaka duka likafungwa. Kesho yake akauza friji ya mkewe akainunua.

Mkewe Samiha alinijia analia, si kwa sababu ya friji.

"Mama Inshirah, mume wangu ana mwanamke."

"Umemwona?"

"Nimesikia jina. Analitaja usingizini. Amiga."

Mimi utotoni nilimfanyia kazi bibi wa Kitaliani, na neno kama hilo nalijua, ni rafiki wa kike. Nikafunga kanga yangu kiunoni nikamwambia twende. Tukamkuta chumba cha nyuma amejifungia, tukausukuma mlango. Yupo peke yake, macho mekundu, mkono umefunika kitu mezani anakipapasa taratibu.

"Yuko wapi?" Samiha akauliza.

"Nani?"

"Amiga!"

Akaionyesha ile mashine. "Huyu hapa. Na hiki ni kipanya chake."

Samiha akakipiga kofi kile kipanya kikaning'inia na waya wake. Wagdi alipiga ukelele ambao hakuupiga siku mwanawe alipoanguka ngazini.

Nitasema alichokifanya na mashine ile, maana nilikiona kwa macho yangu na sisemi uongo hata kwa adui. Mashine haikujua Kiarabu. Iliandika kutoka kushoto, herufi zimetengana kama watu waliogombana. Basi Wagdi akaacha kuiandikisha, akaichoresha. Kila herufi aliichora kwa kipanya, nukta kwa nukta, vijisanduku vidogo kama ushonaji wa mito, akaziunga zikashikana. Halafu akaichora tena imesogea kidogo, na tena, na tena, mpaka ukizipitisha haraka jina linatembea. Alipata pia kisanduku kingine cha kuilaza michoro ile juu ya kanda ya harusi. Bi harusi ameketi kitini, na jina la bwana harusi linakuja kutoka kona ya kioo, linawaka moto, linageuka dhahabu, linamzunguka kichwani. Mara kwa mara mashine ilichoka, kioo kikawa cheusi na juu yake mstatili mwekundu unapepesa, na kazi yote ya siku imekufa. Hapo mtaa mzima ulimsikia akiitukana dini ya aliyeibuni.

Watu walipenda. Hakuna harusi iliyokubali kupigwa kanda bila herufi za Wagdi. Akafungua duka, dirishani akaweka televisheni inayotazama barabara, inaonyesha kazi zake mchana kutwa, na wanaume wa mkahawa wa Mitwalli, ulio mkabala, wakageuza viti vyao.

Ndipo tukaja sisi.

Binti yangu Inshirah, sina mwingine, alichumbiwa na Hilmi, fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya meli. Kijana mzito wa maneno, mikono safi. Mamake ni mjane wa mtaa wa Manakh, mwanamke mrefu, shingo haipindi, na mimi shingo yangu haipindi vilevile, kwa hiyo tulielewana kwa kuogopana. Nikaha tuliifunga mwezi wa Rajabu. Harusi yenyewe, ya kumpeleka bibi kwa mumewe, tukaiweka baada ya Idi.

Siku ya nikaha wanaume walikaa chini, wanawake juu kwangu, mlango umefungwa. Mwanamume haingii, kwa hiyo kamera aliishika Samiha. Tukapiga dufu, tukala, tukaimba. Na wimbo wa kumwita mama wa bwana harusi hauimbwi kwa "Mama fulani". Huimbwa kwa jina lake, ndiyo utamu wake, siku moja katika maisha wanawake wenzako wanakuita kwa jina ulilopewa ulipozaliwa. *Mastura, ewe Mastura, simama umpokee mke wa mwanao.* Naye Mama Hilmi akasimama akacheza, shingo yote ile, mpaka kilemba kikamwanguka.

Kati ya wanawake. Mlango umefungwa. Nyinyi vijana hamjui siku hizi, mnaandika majina ya mama zenu kwenye simu. Zama zetu mwanamume unaweza kula naye miaka na miaka, ukamzika babake, na jina la mamake hulijui. Siku mkigombana ndilo utakalolitafuta. Ukilipata umempata yeye.

Wagdi aliipokea kanda ile kwa mkewe aikate na kuipamba. Akaisikiliza peke yake chumbani, nyimbo zote. Na kwa kuwa alishaona filamu za kigeni, jinsi zinavyoanza kwa kuwataja watu mmoja mmoja kwa heshima, akaamua harusi yetu nayo ianze vivyo. Hakuuliza mtu.

Nilikuwa natoka sokoni na mboga yangu ya mulukhiya kwapani. Mkahawa wa Mitwalli umejaa, wanaume wamesimama, kelele kama goli limefungwa. Nikatazama wanakotazama. Mimi gazeti hulisoma kama mtu anayechambua mchele, lakini pale sikupata taabu, maana herufi zilikuja moja moja, kila moja inaingia kwa mbwembwe, inazunguka, inakaa mahali pake. *Mimu.* Nyota zikamwagika. *Sini.* *Te.* *Wau.* *Re.* *He.* Zikashikana, zikageuka dhahabu, zikawaka moto kwa chini. Mastura. Na juu yake, kwa herufi ndogo: mama wa Hilmi.

Mitwalli alikuwa mlangoni na sinia. Hilmi alikuwa anatoka kazini, nguo zina masizi, hajui lolote. Mitwalli akamwimbia kutoka ng'ambo ya barabara:

"Mwana wa Mastura! Chai au kahawa?"

Wote wakacheka. Mwingine akasema, "Mastura gani huyo, mbona hana stara? Tumemwona mpaka kisigino!"

Hilmi akasimama. Aligeuka akaona kioo, jina la mamake linadunda kama ule mpira. Nilidhani atavunja dirisha. Hakuvunja. Alinitazama mimi, mimi, kana kwamba nimemvua nguo mamake kwa mikono yangu, akaondoka kwa njia aliyojia.

Kabla ya magharibi Mama Hilmi alikuwa mlangoni kwangu. Hakuvuka kizingiti.

"Karibu ndani, mama wa bwana harusi."

"Sina ndani kwako. Nani aliyempa jina langu?"

"Mimi? Mungu anikate ulimi! Limetoka kwenye kanda."

"Kanda ya nyumba ya nani?"

"Kamera alishika mwanamke. Nani angejua..."

"Ningejua mimi! Ningekuwa mama wa bibi harusi ningejua anayeikata ni nani. Leo mwanangu kaitwa kwa jina langu mkahawani kama mtoto asiye na baba. Kesho karakana nzima italijua. Wataliandika ubavuni mwa meli lizunguke dunia."

"Mama Hilmi, teremsha sauti, binti yupo ndani."

"Na asikie. Sikiliza, binti!" Akanyoosha ile shingo akanipita mimi kwa sauti. "Jina langu likifutwa kwenye dirisha lile na ndani ya ile mashine kabla ya Ijumaa, wewe ni mwanangu. Lisipofutwa, Hilmi atakuacha Ijumaa baada ya sala, na utabaki na kanda yako ukaitazame."

Inshirah alikuwa nyuma ya pazia. Hakulia kwa sauti, aliuma pazia. Msichana aliyefungiwa nikaha akaachwa kabla ya kuingia kwa mumewe, kwetu watu hawaulizi sababu. Wanajitungia. Nami nilijua watakachotunga.

Asubuhi nilikwenda dukani kwa Wagdi.

"Toa jina la mwanamke yule dirishani."

"Karibu kwanza, Mama Inshirah. Samiha, chai."

"Chai yako mpe paka. Toa."

"Jina gani? Ile ni kazi yangu bora kuliko zote. Umeona *sini* inavyoingia? Meno yake matatu yanaingia mbalimbali halafu yanafungana. Mwezi mzima nimeichora."

"Ile ni mama wa mtu."

"Na mama wa mtu ni aibu? Wewe si mama wa mtu?"

"Usinichezee, Wagdi. Binti yangu ataachwa Ijumaa."

"Akiachwa kwa sababu hiyo ameepuka mume mpumbavu."

Mnasikia? Hayo aliyasema juu ya mwanangu, amekaa, anazungusha kijiko kikombeni.

"Futa," nikamwambia.

"Sifuti. Sijawahi kufuta, mchinjaji atakuambia." Akaweka kijiko, akashika kipanya. "Nikuulize swali, bi mkubwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, mamake nani?"

"Bibi Amina."

"Umelijuaje? Alilificha? Aliona haya watu wakilitaja? Dunia nzima inalijua. Nyinyi watu wa el-Arab na Manakh ndio mmekuwa na heshima kuliko yeye?"

Hapo alinikamata. Na mtu akinikamata mimi hupandisha sauti.

"Basi andika la mamako!"

Kipanya kikasimama.

"La mamako, Wagdi! Si hakuna aibu? Si sanaa? Liweke pale, liwake moto, lizunguke! Mitwalli naye alisome! Kwa nini la Mastura tu? La aliyekuzaa umelifichia nini?"

Samiha alikuwa pembeni anazungusha kanda. "Si Karima?" akasema taratibu. "Uliniambia mamako alikuwa Karima."

"Nyamaza, Samiha."

"Kwani si Karima?"

Wagdi alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Babake angekuwa na kiapo cha uongo tayari, hata cha Kigiriki. Yeye aliinuka akanitoa nje, akalivuta bati la duka nusu, akaniambia, "Alhamisi, baada ya alasiri. Lete na watu wako." Akaniteremshia bati lote usoni.

Dirisha likawa giza tangu saa ile. Mama Hilmi akaniletea salamu kwamba dirisha kufungwa si jina kufutwa. Nikamjibu Alhamisi aje aone. Sikujua atakachoona.

Alhamisi watu walijaa barabara, mpaka magari yanapita kwa kuomba. Mitwalli alitoa viti vyote. Mama Hilmi alisimama upande wa pili na Hilmi nyuma yake, mimi na Inshirah upande huu, hatusalimiani. Bati likapanda. Televisheni iko pale pale. Wagdi akatoka nje akasimama kando ya dirisha, mikono ameifunga kifuani, amenyoa ndevu, amevaa koti la babake.

Kioo kikawa cheusi. Halafu ikaja *khe*, na nukta yake inaanguka kutoka juu kama tone. Ikaja *ye*, nukta zake mbili zinakimbizana. *Shini*, nukta tatu, kila moja nyota. *He*. Zikashikana, zikawa dhahabu, zikawaka moto, zikazunguka kioo kizima mara mbili ya la Mastura kwa ukubwa. Khesha. Mama wa Wagdi.

Khesha ni gunia. Lile la katani, la kutilia vitunguu.

Sisi wazee tulielewa mara moja. Ni jina la mtoto aliyetanguliwa na maiti. Mama anazaa na kuzika, anazaa na kuzika, mwisho anamwita mtoto kwa jina la takataka, ili mauti yakipita mlangoni yaulize, na yakisikia ni gunia tu yaende zao. Basi alikaa na jina hilo maisha yake yote, akifua nguo za watu Damietta, na mwanawe akalificha hata kwa mkewe. Nilielewa. Na nilicheka. Barabara nzima ilicheka, na mimi sikuwa wa mwisho.

"Gunia la nini, Fundi Wagdi?" Mitwalli akauliza, machozi yanamtoka. "La makaa au la vitunguu?"

"La mifupa yako," Wagdi akamjibu.

"Ndiyo maana kichwa chako kimejaa pumba!"

"Pumba ni za punda. Njoo ule."

Hakuondoka pale. Walimtupia maneno mpaka adhana, naye anarudisha kila moja, mikono kifuani, na jina linazunguka nyuma yake.

Mama Hilmi alikuwa amejishika ubavu kwa kicheko, lakini hakusahau lililomleta. Akavuka barabara, akamwendea Samiha. "Na langu liko wapi? Limo ndani bado?"

Samiha akatwambia sote wawili, kwa sauti ya chini. Tumbo la ile mashine ni dogo, na diski zake zote zimejaa harusi za watu. Jina moja la kutembea hula diski nzima. Wagdi alipomaliza kulichora la mamake hakuwa na pa kuliweka. "Alikaa kidole juu ya kitufe mpaka chai ikapoa," Samiha alisema. "Nikamwambia, weka juu ya harusi ya mtu mwingine. Akasema harusi za watu si zake. Halafu akabonyeza. Mastura hayupo tena, Mama Hilmi, wallahi, nimeona kwa macho yangu. Hata yeye sasa hawezi kumrudisha."

Watu wake wanasema alifanya wema. Vijana wa klabu pia wamelisikia hilo na wanataka niliandike hivyo, kwamba alijivua nguo yeye ili kumsitiri mwanamke wa watu. Siandiki. Nilimwona usoni. Alifanya kwa ubishi, asiambiwe ameshindwa na mwanamke anayesoma kwa kidole. Lau ningemwomba kwa upole binti yangu angeachwa. Mkono usiorudi nyuma ulirudi, na aliyeurudisha ni mimi.

Mpaka anakufa jina lile halikutoka. Kila kanda aliyoitengeneza ilianza nalo, na duka likaitwa hivyo, Studio Khesha, bango ameliandika mwenyewe. Nyinyi mnadhani ni kile kitambaa cha katani cha mchoraji. Si kitambaa, ni mwanamke aliyekuwa akifua nguo. Zilipokuja kompyuta zinazojua Kiarabu, mtoto yeyote akawa anaandika jina kwa kubonyeza, na wateja wakamhama. Yeye alikataa hata kuzigusa. Alisema herufi za mashine hizo ni maiti zilizopakwa rangi. Jema la pili, kama mnalihesabu: hapo alisema kweli.

Mama Hilmi Ijumaa ile hakwenda kwa kadhi. Alinijia nyumbani na sahani ya wali wa maziwa, safari hii akavuka kizingiti. "Ikiwa yupo mwenye mama Gunia," akasema, "basi Mastura ni jina la malkia. Idi ikipita nipe binti yangu."

Harusi tulimwita mpiga kanda kutoka Ismailia, mtu asiye na kompyuta, herufi zake nyeupe, zimekaa kimya. Wagdi hatukumwalika. Samiha alikuja peke yake akapiga dufu mpaka mikono ikavimba. Msafara wa magari ulipita barabara ya Tugari kwa honi na vigelegele, mimi na Mama Hilmi tumekaa nyuma na bibi harusi katikati, Hilmi mbele kwa dereva. Njia ikaziba mbele ya duka lake hasa. Yuko mlangoni, mikono kifuani, jina la mamake linawaka nyuma.

Akainama dirishani kwangu. "Mama Inshirah! Diski moja imepata nafasi. Wewe jina lako nani?"

"Andika la baba yako, bambuti mwana wa Gunia!"

"La baba halina nukta, halinogi. Nipe lako!"

"Nitakupa kaburini!"

"Nitangoja!" akasema, na akapiga bodi ya gari kwa kiganja, kama mtu anayemfukuza punda.

Mama Hilmi akaegemea juu ya mapaja ya bibi harusi ili aninong'oneze. "Na kweli, dada yangu. Miezi yote hii sijakuuliza. Jina lako nani?"

Nikamwambia, kwa sikio lake peke yake. Alicheka mpaka akalishika gauni la Inshirah asianguke. Gari likaondoka.